Likizo Florida: maswali ninayoulizwa kabla wageni hawajafunga mizigo

Nimezaliwa Tanga, ninaishi Tampa. Kila mwaka ikifika Septemba simu huanza: fulani anakuja Desemba na watoto, fulani ana harusi ya mtoto wa dada yake Jacksonville na angependa kutembea kidogo. Maswali ni yale yale, na nimechoka kuyajibu kwa sauti za WhatsApp za dakika kumi na moja. Nimeyaandika hapa. Saa zote ni za Kiswahili.

Mtu wa pwani afuate nini pwani ya wenzake?

Swali la haki kabisa. Kama unachotaka ni mchanga mweupe, minazi na maji ya uvuguvugu, baki Paje au Diani, utajiokolea nauli. Florida ina ufuo wa kilomita 2,170 hivi, na katika majimbo yote ya Marekani ni Alaska tu inayoizidi, lakini ufuo peke yake haustahili saa ishirini na zaidi za safari.

Njoo kwa vile ambavyo kwetu havipo: chemchemi za maji meupe kama kioo zinazojaa nguva wakati wa baridi, kinamasi kikubwa kuliko wilaya nyingi za kwetu, roketi zinazoruka juu ya vichwa vya waogeleaji, na miji ambayo watu weusi waliijenga kwa ubishi. Ufuo utauona tu, maana hakuna pa kujificha nao. Jimbo lenyewe ni rasi ndefu, mashariki Atlantiki, magharibi Ghuba ya Meksiko. Tangu 2025 serikali ya Marekani inaiita Ghuba ya Amerika. Sisi wakaazi tunasema Ghuba, tunamaliza ubishi.

Nije mwezi gani?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanafikiri joto ni joto. Florida ina nyakati mbili. Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba ni masika ya huku: asubuhi jua kali, jasho linatiririka, na ikifika saa nane au saa tisa mchana wingu jeusi linajikusanya na kumwaga mvua ya radi kwa saa moja, kisha jua linarudi kama si lenyewe. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni kukavu, kuna upepo mzuri, na wanyama wanaonekana.

Kipimo changu: ukitaka nguva, Januari na Februari. Ukitaka bahari ya kuogelea bila kutetemeka na bei za kupumulia, nusu ya kwanza ya Novemba au mwishoni mwa Aprili hadi Mei. Kimbia wiki ya kati ya Krismasi na mwaka mpya, na kimbia Machi, wanafunzi wa vyuo wanapofunga shule na kuja kuimaliza nguvu yao yote ufukweni.

Na koti? Beba. Miami mwezi wa Januari mchana hufika nyuzi 24, lakini Orlando usiku hushuka hadi 10, na kaskazini, Tallahassee, ni baridi ya Lushoto. Bahari ya Clearwater mwezi huo iko kwenye nyuzi 16 au 17. Mjomba wangu alijitosa kwa majigambo, akatoka kabla taulo halijafunuliwa.

Vimbunga je?

Msimu rasmi ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na hatari zaidi ni kati ya katikati ya Agosti na Oktoba. Si maneno ya kutishana. Ian mwaka 2022 kilikata barabara ya kuingia kisiwa cha Sanibel. Mwaka 2024 Helene kilipita mwishoni mwa Septemba, na wiki mbili baadaye, 9 Oktoba, Milton kikatua karibu na Siesta Key, tukiwa bado tunatupa magodoro yaliyolowa.

Jambo la kushangaza: vingi vya vimbunga vikubwa vya Atlantiki huanza kama mawimbi ya hewa upande wetu wa Afrika, kwenye nyanda za juu za Ethiopia na Sudani, yakavuka bara zima na kuingia baharini Afrika Magharibi. Kwa hiyo hata tufani ya huku ina ukoo wa kwetu.

Ukija katika miezi hiyo, nunua bima ya safari mapema. Kimbunga kikishapewa jina, bima haikifidii tena. Na ukiambiwa uhame, hama. Usimsubiri jirani aanze.

Viza na ndege?

Viza ya utalii ni ya B1/B2: unajaza fomu mtandaoni, unalipa dola 185, unakwenda kwenye mahojiano ubalozini. Ukinyimwa, pesa hairudi. Masharti yamekuwa yakibadilika sana: Burundi iliingia kwenye orodha ya nchi zenye vikwazo Juni 2025, na Tanzania ikatangazwa Desemba mwaka huo huo. Basi kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba unasafiri, sembuse kulipia tiketi, soma tovuti ya ubalozi wa Marekani wa nchi yako. Si ya wakala, ya ubalozi.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hadi Florida hakuna. Wengi hupitia Doha, Dubai au Istanbul na kushuka Miami. Emirates hufika na Orlando pia. Kenya Airways huruka Nairobi hadi New York tangu Oktoba 2018, kisha unaunganisha ndege ya ndani. Ukiwa na watoto, mimi ningechagua njia yenye kuunganisha mara moja tu, hata ikizidi bei kidogo.

Lazima nikodi gari?

Karibu lazima. Watu wanatazama ramani na kusema, "Tutalala Miami, tutakwenda Disney asubuhi, tutarudi." Miami hadi Orlando, iliko Disney, ni kilomita 380. Pensacola, kona ya kaskazini magharibi, hadi Key West, ncha ya kusini, ni zaidi ya kilomita 1,300, kupita Dar es Salaam mpaka Mwanza, na Pensacola hata saa yake iko nyuma kwa saa moja.

Kuna treni nzuri ya Brightline kati ya Miami na uwanja wa ndege wa Orlando, inachukua kama saa tatu na nusu, lakini ukishashuka bado unahitaji gari. Daladala za kusimamisha kwa mkono hakuna. Wanaendesha kulia, na taa nyekundu ikiwaka unaruhusiwa kukata kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa kuna kibao kinachokataza.

Barabara za kulipia ndizo zilizonitoa machozi mwaka wangu wa kwanza. Nyingi hazina mtu wa kupokea pesa. Kamera inapiga picha namba ya gari na bili inakwenda kwa kampuni iliyokukodisha. Hiyo niliyoitumia mimi ikaongeza ada yake kwa kila siku niliyokuwa na gari, hata siku lililolala nyumbani. Uliza mapema, kabla hujapewa ufunguo, ada ya tozo inahesabiwaje. Au weka simu yako ikwepe barabara za kulipia, uchelewe nusu saa, uone mashamba ya michungwa.

Ufuo upi ni mzuri?

Kwanza nikupe kisa. Shangazi yangu alipokuja, nilimpeleka Clearwater. Akatandika kanga, akaketi, akatazama maji. Saa tano, saa saba, saa tisa. Nikamwuliza, "Shangazi, huogi?" Akasema, "Nangoja yapwe, niokote kombe." Alingoja hadi magharibi. Kwetu Tanga bamvua likipwa unatembea mpaka unaona mashua zimelala ubavu, maji hupanda na kushuka karibu mita nne. Ghuba haifiki hata mita moja. "Bahari gani hii haipwi?" aliniuliza, kama mimi ndiye niliyeiharibu.

Basi ujue: hakuna kutembea juu ya mwamba maji yakitoka, hakuna kinamama wa mwani. Faida yake ni kwamba unaoga saa yoyote unayotaka.

Upande wa Ghuba maji ni tulivu na mchanga ni mweupe. Siesta Key mchanga wake karibu wote ni madini safi ya kwatzi, laini kama unga wa sembe, na hata jua la saa saba haliuchomi mguu. Fort De Soto, kusini ya St. Petersburg, ndiko ninakokwenda mwenyewe: kuna miti, vivuli, na watu wachache. Venice watoto hupapenda kwa sababu wanachuja mchanga na kupata meno ya papa wa kale, meusi, yaliyogeuka mawe. Sanibel ni ya makombe, nitarudi huko.

Upande wa Atlantiki mawimbi yanapiga. Cocoa Beach ni ya watelezaji mawimbi. Daytona unaingia na gari lako juu ya mchanga, kwa kulipia. Ni jambo la kufanya mara moja ukapiga picha, basi. South Beach ya Miami ni ya kutazama watu na majengo ya miaka ya 1930 yenye rangi za peremende. Kaskazini magharibi, Destin na Pensacola, bahari ni ya kijani ya kung'aa, lakini majira ya baridi ni baridi kweli.

Wanaouliza kuhusu stara: mimi huogelea na vazi langu la kufunika mwili mzima, na katika miaka yote hiyo aliyeniuliza ni mama mmoja tu, akitaka kujua nimelinunua wapi ili asiungue na jua.

Papa na mikondo?

Watu wanaogopa papa, wanakufa kwa mkondo. Papa wapo, hasa New Smyrna Beach, na wengi wanaoumwa huumwa mguuni na kushonwa nyuzi. Mkondo unaorudi baharini ndio muuaji. Ukikubeba, usishindane nao kurudi nchi kavu. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke ndani yake. Soma bendera: kijani ni shwari, njano tahadhari, nyekundu ni hatari, nyekundu mbili hakuna kuingia majini, zambarau ni wanyama wanaochoma, kama vile kiwavi wa baharini. Na radi ikinguruma, hata kwa mbali, toka kwenye maji uingie gari au jengo. Florida watu hupigwa na radi kuliko karibu jimbo lolote.

Upande wa Ghuba kuna mwaka maji hushikwa na mwani mwekundu usioonekana vizuri kwa macho. Dalili yake ni samaki waliokufa ufukweni na kikohozi kinachokushika ghafla upepo ukivuma kutoka baharini. Mwenye pumu asibishane, aende ufuo mwingine.

Kuna mamba kweli hata kwenye bwawa la mtaani?

Wapo. Wanakadiriwa kufika milioni moja na laki tatu katika jimbo zima. Hawa ni aligeta, wenye pua pana na butu, weusi. Sisi kwa Kiswahili tunawaita wote mamba, ila hawana ukali wa mamba wa Mto Rufiji. Ukali mdogo si upole. Chukulia kila maji baridi, yawe ziwa, mfereji au dimbwi la uwanja wa gofu, kuwa yana mwenyewe. Mtoto asicheze ukingoni, hasa magharibi na alfajiri. Usiogelee pasipo na kibao cha kuruhusu. Kuwalisha ni kosa la jinai, kwa sababu anayelishwa ndiye anayekuja kuuma.

Nguva wanaonekana wapi?

Kama una siku moja tu Florida, itumie hapa.

Kwetu nguva ni hadithi. Wazee wa Mafia na Lamu waliwaona, sisi tumewasikia, na waliobaki kando ya pwani yetu ni wachache mno. Nguva wa Florida ni binamu yake: mkia wa wa kwetu umegawanyika kama wa pomboo, wa huku ni wa duara kama kasia. Ni mnyama mkubwa, mita tatu, kilo mia nne na zaidi, anayekula majani mchana kutwa na hana neno na mtu. Ila baridi humwua. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 lazima akimbilie penye joto, na chemchemi za Florida hutoa maji ya nyuzi 22 hivi mwaka mzima, kwa kuwa yanatoka chini kabisa ya ardhi ya chokaa. Kwa hiyo asubuhi ya baridi kali, ile ambayo wewe unailaani, ndiyo siku ya nguva.

Crystal River, saa moja na nusu kaskazini ya Tampa, unaingia majini nao kwa utaratibu: vazi la mpira, miwani, kimya. Sheria ni kutazama. Humfukuzi, humlishi, humpandi mgongoni. Akikujia mwenyewe, na huja, tulia. Mara ya kwanza nguva aliponisogelea uso kwa uso, na masharubu yake na macho madogo kama shanga, nilimkumbuka bibi yangu aliyekuwa akituambia ana matiti kama mwanamke. Bibi hakudanganya, kwapani ndiko ananyonyeshea.

Usiyetaka kulowa nenda Blue Spring, unawaona ukiwa juu ya njia ya mbao. Au njoo huku kwetu Apollo Beach: kuna mtambo wa umeme unaomwaga maji ya moto kwenye mfereji, nguva wamejazana humo kama wako hamamu, na kampuni ya umeme imejenga jukwaa la kutazamia, Novemba hadi katikati ya Aprili. Kiingilio bure.

Everglades ni nini hasa, na inafaa kwa wazee?

Ni kile kinamasi nilichokitaja mwanzo, lakini hasa ni mto. Unaonekana kama mbuga ya nyasi isiyo na mwisho, lakini chini ya nyasi maji yanatembea taratibu kuelekea kusini, kina cha magoti, upana wa makumi ya kilomita. Hifadhi ilizinduliwa Desemba 1947, ina kama kilomita za mraba 6,100, na ndipo mahali pekee duniani ambapo aligeta na mamba wa kawaida huishi pamoja. Ncha ya kusini, Flamingo, ndipo utawaona mamba hao.

Inafaa wazee sana, ukichagua lango. Shark Valley kuna gari la wazi linalozunguka njia ya kilomita 24 na kusimama kwenye mnara. Anhinga Trail ni matembezi mafupi ya njia iliyosakafiwa, na wakati wa ukavu ndege, kasa na mamba wamejaa pembeni utadhani wamewekwa. Nenda Desemba hadi Aprili. Julai utaliwa na mbu mpaka usahau jina lako.

Sasa bei, na hapa nilicheka peke yangu. Gari hulipa dola 35 kwa siku saba. Tangu 1 Januari 2026 asiye mkaazi wa Marekani, mwenye miaka 16 na kuendelea, anaongezewa dola 100 kwa kichwa. Miaka yote tumesimama kwenye malango ya Serengeti na Maasai Mara tukiwatazama Wazungu wakilipa bei ya mgeni huku sisi tukionyesha vitambulisho. Zamu imekuja. Njia ya kukwepa ni halali: Big Cypress iko jirani kabisa, kwenye barabara ile ile ya US 41, ina mamba wale wale, na haina kiingilio.

Chatu utasikia habari zao. Si wa asili, ni wa Asia, waliletwa kama wanyama wa kufuga wakaachiwa, na sasa serikali huandaa mashindano ya kuwawinda.

Ni kweli Disney wanaongea Kiswahili?

Kwa kiasi chao. Walt Disney World ilifunguliwa 1 Oktoba 1971, na hifadhi yake ya nne ya burudani, Animal Kingdom, 1998. Humo wamejenga mji wa kubuni unaoitwa Harambe, wenye kuta zilizobanduka chokaa, milango ya kuchongwa na mabaraza. Wabunifu wake waliitazama Lamu. Unaanzia hapo kupanda lori la Kilimanjaro Safaris, dakika kama ishirini, twiga, faru, simba, tembo. Kuna kibanda kinaitwa Tamu Tamu. Kuna baa inaitwa Dawa. Hoteli yao ya jirani ina majengo yanayoitwa Jambo House na Kidani Village, mikahawa ya Boma, Jiko na Sanaa, na pundamilia wanalisha chini ya dirisha kwenye uwanja ulioitwa Arusha.

Inafurahisha na inatia kizunguzungu. Mama mkwe wangu alisoma kila kibao kwa sauti, akisahihisha matamshi ya vijana wa langoni, na wao wakafurahi mno. Watoto waliozaliwa huku nao walishtuka kwamba lugha ya nyumbani imeandikwa ukutani mahali watu wanalipia kuingia. Kwa hilo tu nitawarudisha.

Lakini usije kutoka Arusha kutazama twiga Orlando. Ikiwa wanyama unao nyumbani, siku yako moja ya Disney ipeleke Magic Kingdom kwa ajili ya watoto, na uje Sanaa kula jioni. Huhitaji kulala hotelini hapo. Tiketi ya siku moja huanzia dola 119 siku tulivu na kupita 200 wakati wa sikukuu, mtoto wa chini ya miaka mitatu haulipii, na wa miaka kumi anahesabiwa mtu mzima. Universal, wapinzani wa Disney hapo hapo Orlando, ni ya vijana wanaopenda kurushwarushwa. Hifadhi yao mpya, Epic Universe, ilifunguliwa Mei 2025. Familia ya watu watano ikitaka yote mawili kwa wiki nzima, hiyo si likizo tena, ni mahari.

Na roketi?

Kennedy Space Center iko saa moja mashariki ya Orlando. Ndiko Apollo 11 ilikoondokea 16 Julai 1969 kwenda mwezini. Ndani kuna chombo cha angani cha Atlantis chenyewe, kikiwa bado na makovu ya moto, na roketi ya Saturn V imelazwa chini ya paa, ndefu kuliko ghorofa ya thelathini ikisimamishwa.

Walichagua pale kwa sababu mbili: mashariki ni bahari tupu, kitu kikianguka hakimwangukii mtu, na kusini, karibu na ikweta, ndiko dunia inakozunguka kwa kasi zaidi, roketi inasukumwa bure. Kwa hesabu hiyo hiyo, Malindi ni bora zaidi, iko nyuzi tatu tu kusini ya ikweta. Waitaliano walilijua hilo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya ikaitwa Uhuru. Waambie hivyo wenyeji wa Cocoa Beach; hawatakuamini mpaka watafute kwenye simu.

Kutazama roketi ikiruka ni bure kutoka ufuo wowote wa Cocoa Beach au kando ya mto Titusville. Huahirishwa mara kwa mara, kwa hiyo weka siku mbili za akiba.

Kuna historia yoyote, au ni bahari na sarakasi tu?

St. Augustine ulianzishwa na Wahispania 1565. Ngome yake, Castillo de San Marcos, ilijengwa kati ya 1672 na 1695 kwa jiwe la makombe yaliyoshikamana, lililochongwa kisiwani jirani. Mtu wa Mombasa ataigusa na kukumbuka matumbawe ya Fort Jesus. Risasi za mizinga hazikulipasua, zilizama tu ndani yake.

Kilomita tatu hivi kaskazini yake ni Fort Mose, na hapo ndipo ninapowataka mwende. Waafrika waliotoroka utumwa kwenye makoloni ya Waingereza huko Carolina walikimbilia kusini, na Wahispania wakawapa uhuru kwa sharti la kubatizwa na kushika silaha. Mwaka 1738 wakapewa mji wao, chini ya kapteni Francisco Menéndez, aliyezaliwa Afrika Magharibi. Ndiyo makazi ya kwanza halali ya watu weusi huru katika ardhi ambayo leo ni Marekani. Njia ya kukimbilia uhuru ilianza kwa kwenda kusini, jambo ambalo hata Wamarekani wengi hawalijui.

Kisha bahari yenyewe. Enzi za ubaguzi, mtu mweusi hakuruhusiwa kutia mguu kwenye fuo nyingi za jimbo hili. Mwaka 1935 A. L. Lewis, tajiri wa bima wa Jacksonville, alianzisha American Beach katika kisiwa cha Amelia ili watu wake wapate pa kuoga. Miami walipata Virginia Key mwaka 1945. Zote mbili zipo, unaweza kwenda, na mchanga wake ni mzuri. Karibu na Orlando kuna Eatonville, mji uliosajiliwa na watu weusi 1887, alikokulia mwandishi Zora Neale Hurston.

Key West inafaa safari?

Safari yenyewe ndiyo raha. Barabara inaruka kutoka kisiwa hadi kisiwa, kilomita 182 na madaraja 42, moja likiwa na urefu wa kilomita 11 juu ya maji ya buluu pande zote. Ufuo huko ni haba, miamba ya matumbawe huzuia mawimbi yasilete mchanga. Simama Bahia Honda, oga hapo. Mwisho wa barabara Cuba iko kilomita 145 tu. Lala usiku mmoja.

Chakula cha halali, na chakula cha kumfaa mtu wa kwetu?

Halali ipo Tampa, Orlando, Miami na Jacksonville; Jacksonville na Tampa utasikia pia Kiswahili cha Kongo madukani. Mkate wa Kikuba una nguruwe ndani, na maharage meusi ya Kikuba mara nyingi hupikwa naye, uliza kabla ya kijiko. Muhogo wao wa ndimu na kitunguu saumu ni wa kula na macho yamefumbwa. Ndizi za kukaanga mbichi na mbivu zipo kila kona ya Miami. Kaa wa mawe wa msimu wa 15 Oktoba hadi 1 Mei hunyofolewa gando na kurudishwa baharini aote jingine.

Na mkizi. Huku wanamkausha kwa moshi na kumla na biskuti za chumvi, chakula cha wavuvi wa zamani ambacho watalii hupita wakikiruka. Utawaona mikizi wakiruka juu ya maji jioni bila sababu, kama kwetu. Hasira ya mkizi, tijara ya mvuvi. Nilimweleza mzee mmoja muuza samaki wa Cortez, kijiji cha wavuvi, methali hii, akacheka mpaka akanipunguzia bei.

Pesa gani zinapotea bila kuonekana?

Bei ya kibandiko si bei ya kulipa: jimbo lina kodi ya mauzo ya asilimia 6 na kaunti huongeza yake. Mhudumu wa mkahawa anategemea bakshishi, asilimia 18 hadi 20, ila tazama risiti, Miami wengi wamekwisha kuiweka. Hoteli nyingi za ufukweni zina ada ya ziada ya kila siku. Na bima ya afya usije bila nayo. Usiku mmoja wa hospitali huku unaweza kumaliza akiba ya ukoo.

Malaria hakuna?

Kwa kawaida hapana. Mwaka 2023 Sarasota walipatikana watu saba walioambukizwa pale pale, ikawa habari ya taifa zima. Ukishikwa na homa, mwambie daktari mapema umetoka Afrika Mashariki, maana malaria si kitu cha kwanza anachokifikiria. Kero ya kila jioni ni visubi wa ufukweni. Paka dawa miguuni.

Naweza kurudi na makombe?

Yaliyo tupu, ndiyo. Sanibel mawimbi huyaleta kwa mafungu, na watu hutembea wameinama mpaka mkao huo una jina lake. Chenye mnyama ndani kirudishe majini. Kukichukua ni kosa. Usiguse wala kumulika kasa wanaotaga usiku, kuanzia Machi hadi Oktoba.

Shangazi nilimpeleka huko siku yake ya mwisho, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya umati. Hakungoja chochote kipwe. Alikunja doti lake la kanga, akajaza, akaniambia nisogee nimkinge jua anachagua.